Robo Tangi

Mji wetu una mzaha mmoja usiochuja. Gari la zimamoto likipita na king'ora, watu huulizana limesahau nini nyumbani, na jibu ni maji. Nimeusikia kwa kinyozi, nimeusikia msibani, nimeusikia hata kwenye harusi ya binti yangu, tena kutoka kwa mshereheshaji niliyemlipa mwenyewe. Zamani nilikuwa nacheka ili yaishe. Siku hizi anayeuleta mbele yangu tunakosana, maana mtu aliyegeuzwa mzaha huo namjua, na najua maji yalivyopungua, lita kwa lita.

Tulimwita Mzee Tone. Jina alipewa na muuza mafuta. Kila tulipokwenda kujaza dizeli, Tone hakukubali mpira wa pampu urudishwe mahali pake mpaka aunyanyue juu, aukung'ute, asubiri tone la mwisho lidondoke, huku nyuma yake foleni nzima inapiga honi na watu wanamtukania ukoo. Yeye wala habari hana. Akimaliza alifuta mdomo wa tangi kwa kitambaa, akapanda, akaaga kwa adabu zake zote.

Aliendesha gari la zimamoto miaka ishirini na minne. Mimi nilikaa naye miaka kumi na mmoja, yeye kwenye usukani, mimi mshika mpira wa maji, na wa tatu wetu mtu mmoja mpole aliyehusika na pampu. Kwa damu hatukuwa chochote, lakini aliniita mdogo wangu tangu wiki ya kwanza. Alikuwa mtu wa viatu vilivyobadilishwa soli mara tatu na shati lililopigwa pasi mpaka kola imeanza kuchanika. Yeye na mkewe walikaa vyumba viwili nyuma ya kituo, na akisikia kengele alikuwa na uwezo wa kutoka mezani na kufika kwenye gari kabla tonge halijamezwa.

Aliyemlea alikuwa dada yake, fundi cherehani. Wazazi walifariki mapema, na dada ndiye aliyebaki na mdogo wake mmoja na cherehani moja. Tone alipotaka kusomea udereva, dada aliuza ile cherehani, kisha akashona kwa mkono miaka miwili mpaka alipopata nyingine. Tone alinisimulia habari hiyo mara moja tu, tukiwa tunaosha gari, na alipomaliza alihamia upande wa pili wa gari ili nisimwone uso. Siku za gari kuharibika, ambazo zilikuwa nyingi, alishinda kwa dada akimtengenezea mikanda ya cherehani. Mji mzima ulimwita yule mama Dada, hata waliomzidi umri.

Sasa nieleze ya mafuta, maana ndiko ugonjwa ulikoanzia.

Gari letu lilibeba lita elfu nne za maji. Mwongozo wa kazi unasema wazi kwamba tangi likae limejaa saa zote. Lakini gari lilikuwa zee, na lita elfu nne ni tani nne. Likijaa lilikunywa dizeli bila huruma na kula matairi, na dizeli tuliyopewa na halmashauri ilikuwa inaisha tarehe ishirini hivi. Kuanzia hapo mpaka mwisho wa mwezi tulikuwa tunaomba Mungu watu wapike kwa uangalifu. Nimewahi kukaa kituoni na sare yangu na buti zangu, simu inalia, nyumba ya mwalimu inaungua mtaa wa tatu, nasi tumesimama uani tunatazama moshi kwa kuwa tangi la mafuta ni kavu. Mwalimu yule mpaka leo akiniona anavuka barabara.

Baada ya siku hiyo Tone hakula vizuri wiki nzima. Kisha akaja na akili yake. Siku zake za mapumziko alizunguka mji kwa miguu akikagua mabomba ya zimamoto, yale mafupi mekundu ya chuma yaliyosimama kando ya barabara. Yalikuwa thelathini na moja. Yanayotoa maji yalikuwa saba. Akayakariri yote saba, akachora ramani nyuma ya kalenda ya zamani, akatuita. Alisema tubebe nusu tangi tu, gari liwe jepesi, tufike haraka, kisha tuongezee maji kwenye bomba la karibu. Mafuta yatafika mwisho wa mwezi na hakuna simu tutakayoiacha ilie.

Na kweli yalifika. Mwaka mzima hatukukosa kwenda popote. Tulizima majiko, tulizima stoo, tulizima gari la mtu aliyekuwa anavuta sigara huku anamimina petroli, na huyo nilitamani tumwache. Mkuu wa kituo alifurahi. Tulipomweleza siri yetu alitazama mlangoni kwanza, kisha akasema, "Endeleeni hivyohivyo. Ila hilo la nusu tusiliandike." Nilikuwepo. Nilikuwa nimesimama pembeni ya kabati la mafaili, na masikio yangu ni mazima.

Alichoandika kwenye taarifa ya mwaka ni kwamba kituo kimepunguza matumizi ya mafuta kwa ubunifu wa watumishi. Taarifa ikapanda juu. Bajeti mpya iliposhuka, mafuta yetu yalikuwa yamekatwa theluthi nzima. Kama tumeweza kubana, basi hatukuwa tukiyahitaji yote, ndivyo walivyosoma wao.

Tone alivaa shati lake la kola mbovu akaenda kwa afisa wa fedha wa halmashauri, nami nikamsindikiza. Nilikwenda nikiwa nimejaza maneno mdomoni. Yule afisa, mama mmoja mwenye macho yaliyochoka, hakutufokea wala hakutuzungusha. Aligeuza karatasi zake zitutazame sisi.

"Huu ndio ukomo niliopewa," alisema. "Siwezi kuupita hata kidogo. Hapa ni glavu za wodi ya wazazi. Hapa ni mishahara ya walimu wa muda. Hapa ni daraja la bondeni ambalo watoto wanapita wakienda shule. Nikikuongezea wewe, lazima nitoe mahali. Niambie, mzee wangu, nitoe wapi?"

Tone alizitazama zile karatasi muda mrefu. Mimi nilikuwa tayari kumwambia atoe kwenye posho za vikao, na nilifungua mdomo, Tone akanikanyaga mguu. "Ahsante, mama," alisema, tukatoka. Njiani nilimwambia ni mjinga. Akasema huenda, lakini mkewe amewahi kujifungua kwenye wodi ile.

Hivyo nusu tangi ikawa robo. Lita elfu moja. Ukifungua mpira kawaida ni dakika tatu, ukiubana sana ni nne.

Moto wa mtaa wa mafundi ulianza Jumatano, saa tisa alasiri. Pale palikuwa na vyumba tisa vimepangwa mstari mmoja chini ya paa moja la mbao na bati. Cha kwanza fundi magodoro, cha pili fundi viatu, cha tatu Dada na cherehani zake sita, cha nne duka la vitabu na madaftari, cha tano muuza mitungi ya gesi. Baada ya gesi palikuwa na vyumba vya kupanga, vimejaa familia. Umeme ulikuwa umekatika tangu asubuhi. Uliporudi, ulirudi kwa nguvu, waya ukatema cheche kwenye sponji za magodoro, na sponji ikishika moto haina mazungumzo.

Tulifika baada ya dakika saba, na nawaapia hakuna dereva mwingine ambaye angefika kwa saba. Chumba cha kwanza kilikuwa kimekwisha. Cha pili gundi ya viatu ilikuwa inawaka. Cha tatu kilikuwa na moshi tu. Tone aliliegesha gari, akaruka, akakimbia mwenyewe na mpira mpaka kwenye bomba jekundu, hatua arobaini kutoka pale. Lilikuwa moja ya yale saba. Mwezi uliopita alilifungua kwa mkono wake na maji yakatoka. Safari hii lilikohoa hewa, likatema kutu kidogo, likanyamaza. Mamlaka ya maji nayo ilikuwa imeambiwa ibane umeme wa pampu zake, ikaanza kutoa maji kwa zamu, na zamu ya mtaa ule ilikuwa Alhamisi. Barua ya kutujulisha ilikuwepo. Tulikuja kuiona wiki mbili baadaye, imelala kwenye trei ya mtu halmashauri.

Tone alirudi anatembea. Hakukimbia tena, na hapo ndipo nilipoogopa. Alitazama paa kutoka mwanzo mpaka mwisho, na nilijua anahesabu dakika zake tatu. Kama tungekuwa na tangi zima, hata nusu yake, tungesimama kwenye chumba cha tatu na moto ungeishia kwa fundi viatu. Kwa lita elfu moja mtu hazimi moto. Anachagua pa kuukatia, na huko nyuma anauachia ule unachotaka. Ukikosea pa kukatia umemaliza maji, na mbele yako kuna mitungi ya gesi na watoto wa watu.

Dada alikuwa amesimama mlangoni kwake, kitambaa cha kichwa kimeanguka, ameshika bunda la sare za shule. Ndani zilibaki zaidi ya mia mbili, nyingine zimekatwa, nyingine zimefika kwenye vifungo. Shule zilikuwa zinafunguliwa Jumatatu.

"Mdogo wangu, elekeza maji huku," alisema. "Kwangu bado haujaingia."

"Dada, sogea."

"Haujaingia, unaona mwenyewe. Ni moshi."

"Nimekuja na maji kidogo, Dada. Sogea, tafadhali."

Kisha akanigeukia. "Chumba cha nne," aliniambia. "Panda na shoka, ng'oa bati, tukatie pale."

Nilipanda. Niling'oa bati na mbao za duka la madaftari, mwenye duka ananilaani kutoka chini, na mwenzetu wa pampu akanirushia mpira. Nilimwaga zile lita zote kwenye ukuta ule na mbao zake, nikiubana mdomo wa mpira mpaka vidole vikafa ganzi. Kutoka juu niliona moto ukiingia kwa Dada. Uliingia kwa dari, bila haraka yoyote. Alikuwa ameingia ndani kuokoa cherehani, na Tone alimfuata akamtoa kwa kumbeba kiunoni, yeye anampiga mgongoni kwa ngumi.

Moto ulifika chumba cha nne ukafa. Gesi haikuguswa. Hakuna aliyekufa. Watu wakatushukuru kwa mawe, moja likanipata begani, na mwanamume mmoja mwenye sauti akauliza kama tumekuja kuzima au kuoga. Muuza gesi peke yake ndiye aliyekuja kituoni kesho yake, na kreti ya soda. Hatukuzinywa.

Jioni ya siku ile Tone alikwenda nyumbani kwa dada yake. Aliniambia baadaye kwamba alipokewa vizuri kuliko alivyostahili. Akapewa kiti, akapewa chai, akaulizwa hali ya mkewe. Kisha Dada akamuuliza gari linabeba maji kiasi gani.

"Lita elfu nne."

"Ulikuja na ngapi?"

"Elfu moja."

"Hizo nyingine aliziondoa nani?"

"Hazikuondolewa. Hazikuwekwa."

"Nani hakuziweka?"

Tone alijibu kwamba ni yeye. Dada akachukua kikombe cha mdogo wake, bado kina chai, akakipeleka jikoni, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wiki iliyofuata mafundi watatu waliounguliwa, pamoja na mwenye duka la madaftari, waliandika barua halmashauri kuomba wasaidiwe kuanza upya. Halmashauri ikataka kwanza taarifa ya zimamoto. Mkuu wa kituo aliiandika mwenyewe, kwa kompyuta, ikapendeza. Ilisema moto mkubwa ulidhibitiwa kwa mafanikio na mali nyingi kuokolewa, kwa kutumia lita elfu moja tu. Ilikuwa imebaki sahihi ya dereva aliyeongoza kazi.

"Tia sahihi yaishe, mzee," alisema mkuu. "Umebakiza miezi kumi na minne ustaafu. Unataka nini na maneno?"

Hata mimi nilimwambia atie. Sina haya kulisema, kuna mengine ya kuonea haya zaidi. Tone aliisoma taarifa mara mbili, miwani imemshuka puani.

"Nikitia sahihi hapa," alisema, "mwakani watasema hata gari halihitajiki, tuwe tunakwenda na chupa."

Akaenda kwake akaandika yake. Kurasa tatu za daftari la mistari, kwa kalamu ya buluu. Aliandika lini tulianza nusu na kwa nini, lini tukaanza robo na kwa nini, nani alijua, mabomba gani ni mabovu. Mwisho akaandika kwamba kama tangi lingekuwa limejaa vingeungua vyumba viwili, si vinne, na kwamba mafundi hawa wamepata hasara kwa sababu serikali ilileta robo ya kilichotakiwa. Aliamini, maskini, kwamba ukweli ukiandikwa vizuri dada yake atapata cherehani zake. Alinisomea akiwa amesimama.

Kamati ilikaa Ijumaa kwenye ukumbi wa halmashauri, watu watano, kila mmoja na chupa yake ya maji mezani. Waliipenda sana ile ripoti ya Tone. Walipenda hasa pale alipokiri kwamba yeye mwenyewe, kwa mkono wake, alikuwa hajazi tangi, kinyume na mwongozo. Wakamuuliza mkuu wa kituo kama aliruhusu. Mkuu akasema ndiyo kwanza anasikia. Wakaniita mimi.

"Kuna amri yoyote ya maandishi iliyosema mbebe nusu au robo?" aliuliza mwenyekiti.

"Hakuna."

"Uliwahi kumsikia mkuu wako akiruhusu kwa mdomo?"

Mkuu alikuwa anatazama kalamu yake. Tone alikuwa ananitazama mimi, ametulia kabisa, kama mtu aliyekwisha kujua jibu na anasubiri tu lisemwe. Nina watoto watano. Wa pili alikuwa chuoni. Nayasema haya si kwa kujitetea, nayasema kwa kuwa ndiyo yaliyopita kichwani mwangu pale, na baada yake hayakupita mengine.

"Sikumbuki vizuri," nilisema.

Tone alifukuzwa kazi kwa uzembe, na mafao yake mengi yakaenda na maji. Na mafundi je? Walijibiwa kwa barua ya aya mbili. Kwamba hasara yao ilisababishwa na uzembe wa mtumishi mmoja ambaye amekwisha kuchukuliwa hatua. Na kwamba, pamoja na masikitiko yote, halmashauri haina fungu la kazi hiyo. Mtu mmoja kwenye kamati aliuliza kama mafuta yanaweza kuongezwa ili tangi sasa lijae. Yule mama wa fedha alifungua karatasi zake akasema ukomo ni uleule. Alisema kwa sauti ya chini, na nadhani alikuwa anaumia, lakini maumivu yake hayaendeshi gari.

Usukani nimepewa mimi. Walisema nina uzoefu.

Dada alikodi cherehani moja na kuanza tena chini ya turubai, ng'ambo ya barabara, karibu na geti la kituo, kwa kuwa pale hapakuwa na kodi. Mzee Tone yuko naye kila siku. Anakunja nguo, anabandika vifungo, na mwanzoni alivibandika vibaya mpaka wateja wakarudisha. Wanazungumza kidogo. Mimi nilipita upande mwingine wa barabara karibu mwezi mzima, kisha nikaona aibu ya kukwepa ni mbaya kuliko aibu ya kusalimia.

Jana asubuhi nilikuwa natoka getini na gari. Nilikuwa nimetoka kuingiza maji mwenyewe, nikisimama na kutazama mshale wa geji, na ulipofika robo nilifunga bomba. Dada alisimamisha cherehani kwa mkono.

"Dereva," aliita. "Limejaa?"

"Limejaa, Dada," nilimjibu.

Gari lililojaa huwa linakaa chini, matairi ya nyuma yanabonyea, na anayejua magari hahitaji geji. Mzee Tone aliyatazama matairi ya nyuma. Akanitazama na mimi. Kisha akaokota kifungo kingine, akaniuliza kama watoto hawajambo.